Mwenye Mashine Nyeusi

Baba Mdogo wangu ana sauti tamu ya kuombea dua, ana mkono mwepesi wa kutoa sadaka, na hajawahi kumpita mtu njiani bila kumsalimu. Naanza na hayo ili yaishe mapema. Watu wa mtaani kwetu Bagamoyo wakimsifu huyataja hayo matatu, kisha hunigeukia mimi, mtoto wa kaka yake, wakingoja niongeze la nne. Huwa naangalia pembeni. La nne ninalo, na leo nalitoa.

Baba yangu alifariki nikiwa bado shule, na mimi sina kaka wala babu aliye hai. Kwa hiyo huyu ndugu yake ndiye walii wangu, ndiye mwenye haki ya kuniozesha. Akikaa mkekani akasema ndiyo, naolewa, akinyamaza, nakaa. Lishikeni hilo, kwa sababu mengi nitakayosimulia juu yake yanachekesha, na sitaki mcheke mkalisahau.

Kazi yake ni banda la gemu. Chumba kimoja cha mbele katika nyumba ya marehemu babu, ambacho zamani kilijaa magunia ya mbata, yeye alikipaka rangi ya buluu, akatundika runinga ukutani, akapanga mabenchi, na juu ya rafu akaiweka mashine nyeusi. Chumba cha pili cha mbele kilikuwa changu: cherehani, meza ya kukatia, na sare za shule zinazosubiri vifungo. Katikati yetu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba. Miaka mingi nilishona upande huu nikimsikia yeye upande ule, na nadhani namjua kwa masikio kuliko mkewe anavyomjua kwa macho.

Alikuwa na masharti. Mtu hagusi pedi ya kuchezea kabla ya kunawa kwa sabuni kwenye ndoo iliyokaa mlangoni, kama anayekwenda kula pilau. Hakuna kula ndani. Hakuna matusi, hata ukifungwa goli mpira unakwisha. Adhana ikianza mashine inazimwa, awe nani anaongoza, na atakayenung'unika anaambiwa akadai kwa muadhini. Wazazi walimpenda kwa hilo. Mama yangu alikuwa akisema ni afadhali vijana wakae kwa shemeji yake kuliko kukaa vijiweni, na sikuweza kumpinga, maana ni kweli.

Na alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Mwulize nani alimfunga nani katika fainali ya Idi ya miaka ile, atakwambia goli lilifungwa kwa mguu upi, nani alikuwa amekaa benchi la nyuma, na mvua ilikuwa imeanza au bado. Mtu aliyehamia Dar akirudi baada ya miaka, Baba Mdogo humpokea kwa kumkumbusha penalti aliyokosa. Watu walikuwa wakibishana barazani kuhusu mechi za zamani, mtu mmoja anasema, "Twendeni kwa mwenye nazo," wanakwenda, anawaamua, ugomvi unakwisha. Sikuwahi kumsikia akisema amesahau.

Gemu ya mpira ndiyo iliyomlisha, lakini aliidharau. Alichokipenda ni gemu moja ya hadithi. Shujaa wake ni kikongwe mwenye upanga, mgongo umepinda, anapita jangwani na milimani kuwatafuta watu waliokichoma moto kijiji chake na kumchukua bintiye. Jina lake la Kizungu hakuna aliyejishughulisha nalo. Mjini kote iliitwa gemu ya Bibi.

Baada ya alasiri, wateja wa mpira walipopungua, Baba Mdogo alinawa mikono, akaketi kwenye kigoda chake, kofia ya viua imelala upande, akamwongoza Bibi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini hakukubali watu wakae bila kuelewa. Alitafsiri. Bibi akifungua mdomo tu, yeye anasema: "Anasema hodi wenyewe! Nimekuja kuchukua changu, na msihangaike kunipikia chai." Yule adui mkubwa mwenye pembe akiunguruma, Baba Mdogo anasema: "Anamwuliza, wewe ajuza, huna wajukuu wa kulea?" Benchi zima linaangua kicheko. Nina hakika hakuna hata neno moja lililokuwa sahihi, lakini watu walikuja kutoka Kaole kumsikiliza, na mimi mwenyewe nilikuwa nikisimamisha cherehani ili nisikose. Basi, hilo nalo nimemsifia.

Kuna mahali katika gemu hiyo Bibi anakikuta kitana cha bintiye kwenye majivu. Kila alipofika pale Baba Mdogo alinyamaza. Nilimsikia kupitia ukutani akivuta kamasi, kisha akisema kwa sauti ya kukwaruza, "Mtoto wa kike ni amana, jamani. Ni amana." Alililia amana ile ya kwenye kioo mara nyingi, huku amana nyingine inapiga cherehani upande wa pili wa mbao.

Kwa asiyeyajua mambo haya, niyaeleze kidogo. Huko mbali kuna makampuni mawili makubwa ya kutengeneza mashine za gemu. Moja ni ya mashine nyeusi, nyingine ni ya mashine nyeupe. Mpira unachezeka kwenye zote mbili. Lakini kila kampuni ina gemu zake za ndani, ambazo mwenzake hapewi hata akilia, ili anayezitaka anunue mashine yake. Bibi alikuwa wa mashine nyeusi. Mashine nyeusi ya namna ile, mjini kwetu, ilikuwa kwa Baba Mdogo tu, na juu ya mlango wake alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: BIBI YUPO HAPA TU.

Hicho ndicho kilichomharibu. Alimweka Bibi kama mwali. "Bibi yuko ndani, hatoki," alikuwa akisema, mikono imekunjwa kifuani. Akiulizwa kwa nini kampuni isiwauzie na wale wengine, alijibu kama vile ameulizwa kwa nini asimgawe mkewe. "Kinachopatikana kila mahali hakina heshima," alisema. Neno hilo alilisema mezani, msibani, na mara moja alilisema kwa daktari aliyemshauri apunguze chumvi, sijui lilihusiana vipi.

Na sisi watu wa huku tukipewa vitu viwili, hatulali mpaka tugawane pande. Bibi zetu waligawana kwa vikundi vya ngoma: ukicheza ya huku, huendi kwenye arusi ya wale, na ukienda hugusi chakula. Wajomba wakagawana kwa mpira. Kizazi chetu kikapata mashine. Ng'ambo ya soko kijana mmoja aitwaye Idrisa alifungua banda lake, akaweka mashine nyeupe, na kabla ya wiki kumalizika kulikuwa na watu wa nyeusi na watu wa nyeupe. Mama Mdogo, mke wa Baba Mdogo, ambaye hajawahi kushika pedi maishani mwake, alinunua kanga ya "Mtasema mchana, usiku mtalala", akaivaa kwenda nayo sokoni na kurudi, mbele ya banda la Idrisa, polepole. Dada zake Idrisa nao wakajibu kwa kanga yao. Vijana waliokuwa wakila sahani moja wakaacha kusalimiana. Baba yake Idrisa alipofariki, Baba Mdogo alikwenda kuzika, kwa kuwa kuzika ni haki ya Muislamu, akabeba jeneza mpaka makaburini, akarudi bila kunywa hata maji ya watu wale.

Kosa letu lilikuwa moja. Tulidhani wale wenye makampuni nao wanachukiana. Tuliwaona akilini mwetu wakipishana barabarani bila salamu, wake zao wakivaliana kanga. Hatukuwaza kwamba kwao ni biashara tu, na mfanyabiashara hugombana mpaka pale kugombana kunapoacha kulipa.

Idrisa nilimjua kwa sababu ya vumbi. Hewa yetu ya chumvi inakula vyuma, na vumbi la barabara linamalizia. Baba Mdogo aliniomba nimshonee kava la mashine yake, nikamshonea la kitenge, nikaweka utepe wa kijani pindoni. Lilipendeza. Siku chache baadaye Idrisa akaja mlangoni kwangu mchana, mbele ya macho ya watu wote, akasimama nje ya kizingiti.

"Shikamoo mama," alimsalimu kwanza mama yangu aliyekuwa anachambua mchele barazani.

"Marahaba mwanangu. Umepotea njia?"

"Sijapotea, mama. Nina mashine inaingia vumbi, na nasikia fundi yuko hapa."

Mama alicheka. Nilichukua vipimo vya mashine kwenye kamba aliyokuja nayo, nikamshonea kava, na kwa kuwa utepe ulikuwa umebaki, nikauweka huo huo wa kijani. Sikuwa na nia yoyote. Alirudi kulichukua, akarudi tena kusema limemkaa vizuri, kana kwamba lilikuwa shati. Akarudi kuleta suruali ipunguzwe kiunoni, na suruali ile haikuwa na haja ya kupunguzwa. Nisiseme mengi. Nilimpenda, naye alinipenda, na alifanya kama anavyotakiwa kufanya mtoto wa watu: aliwatuma wazee wake na posa.

Wazee wale walikuja Alhamisi, watatu, kanzu zimepigwa pasi. Baba Mdogo aliwapokea vizuri ajabu. Kahawa ilitoka, halua ilitoka, habari za msiba wao ziliulizwa upya. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, cherehani imesimama, sikio liko ukutani, kwa sababu mazungumzo yalifanyikia bandani. Mkubwa wao alieleza kilichowaleta. Kisha Baba Mdogo akasema, "Tumewasikia wazee wetu. Tutawajibu."

Watu wa pwani mnajua. "Tutawajibu" ina urefu wake. Kuna ya siku saba, ambayo ni adabu tu. Kuna ya mwezi, ambayo maana yake ongezeni heshima. Na kuna ile isiyo na mwisho, ambayo ni hapana iliyovaa kanzu.

Walipoondoka nilitoka. Sikuwa nimezoea kusema naye mambo hayo, lakini nilisema.

"Baba, umewaonaje?"

"Wazee wazuri. Watu wa dini."

"Na Idrisa?"

Akainua kava la mashine yake, akaligeuza, akanionyesha utepe. "Hili la kijani limefikaje ng'ambo ya soko?"

"Nilimshonea. Ni kazi yangu."

"Mwanangu, mtu ni upande wake," alisema bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu. "Nimwoze binti wa kaka yangu kwa watu wa mashine nyeupe, kesho nikae hapa na nani? Watanicheka mpaka Msata."

Nilidhani anatania. Wallahi nilidhani anatania. Nilikwenda jikoni nikamweleza mama kwa kicheko, na mama hakucheka.

Mwezi ukapita, na mwezi mwingine. Wazee wa Idrisa walirudi kuuliza, wakapewa kahawa. Watu wengine walimwendea Baba Mdogo kumshauri, naye kwa kila mmoja alikuwa na sababu mpya: kijana hana msimamo, kijana anafungulia kila mtu mlango, kijana anaruhusu watu kula mihogo ndani ya banda. Ile ya kweli hakuisema nje, kwa kuwa hata yeye alijua ingemwaibisha. Nilimwambia mama twende kwa kadhi. Walii akimzuia mwanamke bila sababu ya sheria, kadhi anaweza kumwozesha yeye mwenyewe; hilo nilikuwa nimeliulizia. Mama alinishika mikono yote miwili.

"Tukamshtaki nani, mwanangu? Huyo ndiye aliyekununulia viatu vya shule baba yako alipokufa. Ndiye aliyekubeba mgongoni ulipougua surua. Tutamkalisha mbele ya watu aulizwe maswali?"

Na ni kweli alininunulia viatu. Alinibeba. Mtu anayekutendea wema mkubwa utotoni anakuwa amekufunga kwa kamba ambayo huioni mpaka siku unapotaka kutoka. Sikwenda kwa kadhi.

Idrisa alingoja. Alifunga Ramadhani ya kwanza akingoja, na ya pili akingoja. Hakunitaka tutoroke, na mimi nisingekubali. Lakini mama yake alikuwa anazeeka, baba alikuwa keshazikwa, na mtoto wa kiume wa pekee ana deni kwa mama yake. Mama yake akamtafutia mke Msata, binti wa ndugu zao. Idrisa alikuja kuniambia yeye mwenyewe, amesimama palepale nje ya kizingiti, na nilimwambia amefanya vyema. Nyimbo za arusi zilivuka soko zikanifikia kwenye cherehani. Siku ile nilishona mikono yote ya shati la sare kinyume, na sikulifumua, nikalikata likawa matambara.

Yaliyofuata yanachekesha, kama nilivyowaambia.

Sefu, dereva wa bajaji na mteja wa siku zote, aliingia bandani akiwa na simu mkononi, hata kunawa hakunawa. Nilimsikia.

"Mzee, umesikia? Bibi anawekwa kwenye kompyuta."

"Uzushi."

"Kampuni yenyewe imetangaza. Soma."

Baba Mdogo akapata jibu, maana hakuwahi kukosa. "Kompyuta si mashine ya gemu. Kompyuta ni kitu cha ofisini. Bibi amekwenda kazini, jioni atarudi nyumbani." Benchi likacheka, likatulia. Nilimshangaa kwa jinsi alivyojikinga.

Lakini haikupita muda mrefu Sefu akarudi, na safari hii aliingia taratibu kama mleta habari za msiba. Wenye mashine nyeusi walikuwa wametangaza kwamba Bibi atauzwa pia kwa wenye mashine nyeupe. Si kwa kuibiwa. Kwa hiari yao, kwa picha nzuri, kwa muziki. Na wale wa nyeupe nao walikuwa wametoa baadhi ya gemu zao wenyewe kwa hawa wa nyeusi. Walikuwa wakipongezana hadharani.

Baba Mdogo alisema neno moja: "Wamemwoza."

Alifunga banda. Alikaa barazani na tasbihi, mkewe akatandika mkeka, na, amini usiamini, watu wakaja kumpa pole. Walivua viatu, wakaketi, wakasema ndiyo dunia. Mzee mmoja alimwambia kila chenye mwanzo kina mwisho. Nilikuwa napita na ndoo nikawasikia, na nilitamani kuwamwagia maji yote pamoja na mkeka wao. Wahenga walituambia wapiganapo tembo nyasi ndizo ziumiazo. Hawakutuambia habari ya nyasi zinazopigana zenyewe kwa zenyewe wakati tembo wanakunywa maji mtoni pamoja.

Sitaficha: ndani ya hasira nilikuwa na tumaini dogo. Si la kumpata Idrisa, huyo alikuwa keshaoa, na mkewe ana mimba ya kwanza. Nilitumaini kwamba Baba Mdogo, sasa kwa kuwa hakuna pande, ataliona alilonifanyia. Kwamba atagonga ule ukuta wa mbao. Sikutaka aombe radhi mbele ya watu. Ningeridhika na neno lolote, hata "pole".

Alikaa barazani siku chache, kisha asubuhi moja akavaa kanzu safi, akavuka soko. Nilimwona kwa macho yangu akiingia kwa Idrisa. Nikaacha kushona. Nilifikiri, amekwenda kumwambia. Dhuhuri ikapita. Alirudi akitembea kwa furaha, chembe za kashata mdomoni, amekumbatia kitu kifuani. Kilikuwa kimefunikwa kava la kitenge lenye utepe wa kijani.

"Mashine nyeupe!" alisema, akimwita mkewe, akimwita mama, akiniita mimi. "Idrisa kaleta mpya, hii ya zamani kaniuzia. Bei ya ndugu. Kijana ana adabu sana yule! Kanipa chai, kanipa kashata, na kava kaniachia. Sasa nitaweka zote mbili, atakayetaka Bibi atachagua acheze wapi."

Mama alinitupia jicho. "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime," alisema polepole, "wakipatana chukua kapu ukavune."

"Mimi sina shamba hapo, mama," nilimwambia.

Baba Mdogo hakusikia. Alikuwa anaipangusa mashine. Jioni ile alichukua brashi, akafuta lile neno TU juu ya mlango, likabaki BIBI YUPO HAPA, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyemsikia akisema kinachopatikana kila mahali hakina heshima. Vijana wa nyeusi na wa nyeupe wakakaa benchi moja. Dada zake Idrisa walimwalika Mama Mdogo kwenye akika ya mtoto. Kila mtu alivuka soko wakati anaotaka, Bibi alivuka, mashine ilivuka, kava nililomshonea mume niliyemtaka lilivuka likarudi nyumbani bila yeye. Mwezi huohuo nilipakia cherehani yangu kwenye bajaji ya Sefu mpaka stendi, nikahamia Mapinga. Huko kuna nyumba mpya nyingi, na nyumba mpya zinahitaji mapazia.

Sijamkosea adabu hata mara moja. Idi nampigia simu. Akiumwa naja. Watu wananiona namwamkia wanasema tazama binti mwenye moyo mweupe. Sina moyo mweupe. Salamu nampa kwa sababu ni baba, na zaidi ya salamu hana chake kwangu.

Ijumaa moja mwaka huu nilikuwa Bagamoyo kumwona mama, naye akaniagiza nimpelekee shemeji yake pilau. Nilinawa mikono mlangoni, kwa mazoea. Banda lilikuwa tupu, watu wamekwenda kula. Alikuwa kwenye kigoda, ndevu zimeongezeka mvi, anamwongoza Bibi kwenye mashine nyeupe. Kava lilikuwa limewekwa pembeni kwenye rafu, utepe umepauka.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama yangu! Karibu, karibu. Hujambo? Mapinga hawajambo?"

"Hatujambo. Mama amekuletea chakula."

"Allah amzidishie. Kaa kidogo." Alimsimamisha Bibi katikati ya jangwa. "Jana tulikuwa tunakuzungumzia. Idrisa alikuwa hapa na wanawe. Tukakumbushana ile fainali ya Idi, walipotufunga kwa kichwa, kona ilipigwa kutoka kushoto. Sefu alikuwa anakula muhogo kwa siri, nikamfukuza. Unakumbuka?"

"Sikuwepo, Baba."

"Ulikuwa upande wa pili, unashona. Cherehani ilikuwa inasikika." Akatikisa kichwa, akitabasamu. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya samaki. "Hivi, mwanangu, yule Idrisa aliwahi kukuposa. Kijana mzuri kama yule. Ilivunjikia wapi posa ile?"

Nilimtazama usoni, nikatafuta hila, na sikuiona. Angekuwa anajifanya, ningejua. Nimemsikiliza mtu huyu miaka mingi kupitia ukuta. Aliikumbuka kona ilitokea upande gani. Aliukumbuka muhogo wa Sefu.

"Hukuwajibu wazee wake," nilisema.

"Mimi?"

"Wewe, Baba. Walikuja hapa hapa. Ukawapa halua, ukasema utawajibu."

"Kwa nini nisiwajibu?"

"Idrisa alikuwa na mashine nyeupe. Na Bibi alikuwa kwako tu."

Alianza kucheka, akaniangalia, akaacha. Alizitazama zile mashine mbili zilizokaa bega kwa bega kwenye rafu. Kwenye kioo Bibi alikuwa amesimama anahema, upanga begani, anangoja kuambiwa aende wapi.

"Kwa ajili ya gemu?" alisema. Alikunja uso kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemsimulia upuuzi wa mtu wa mji mwingine. "Posa ikavunjika kwa ajili ya gemu?"

"Ndiyo, Baba. Kwa ajili ya gemu."

Nikaweka bakuli la pilau mezani. Nikalichukua kava langu pale kwenye rafu, nikalikung'uta, nikalikunja mara nne, nikalitia kwenye mkoba. Yeye alinifuata kwa macho, pedi bado mkononi, midomo imefunguka kama anayetafuta neno. Nilikwenda taratibu mpaka mlangoni, nikavaa viatu, nikimpa nafasi ya kulipata.

"Mwanangu," aliniita, "sasa hiyo mashine si itaingia vumbi?"